Mabati ya Mama Shija na Mgodi wa Shaba

Nyie mnaomaliza vyuo vya hoteli na kuajiriwa kupika kwenye kambi za madini, karibuni kazini. Nawaona mkipita hapa Nyasubi na mikoba yenu ya visu, wengine mmeshapiga picha na kofia nyeupe ndefu kabla hata hamjakaanga yai la mtu. Nafurahi kwa kweli. Mnajua mambo ambayo mimi nimestaafu bila kuyajua, kama kukata karoti zote zikalingana. Lakini kuna mambo ya kambini hayafundishwi darasani, na kwa kuwa magoti yangu yamegoma kusimama jikoni, acha niyaseme nikiwa nimekaa.

Mimi nilipika kambi za utafiti. Msichanganye na mgodi. Mgodi una uzio, una kantini, una ratiba ya chakula ubaoni. Kambi ya utafiti ni mahema, mashine ya kuchoronga miamba, mjiolojia na watu wake wa kubeba sampuli. Wanatafuta, basi. Leo wapo, mwezi ujao ukipita unakuta majivu na makopo. Miaka ya tisini watafiti hao walimwagika kwetu kuanzia Shinyanga mpaka Geita, kila ukikata kichaka unakuta hema. Karibu wote walitafuta dhahabu. Mimi nikaangukia kwa waliotafuta shaba, na wachimbaji wa maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, niliokunywa nao kahawa walinicheka mpaka basi. "Shaba?" wakasema. "Sasa hiyo mtu anaificha wapi?"

Aliyenipokea jikoni alikuwa Mzee Bundala, Msumbwa wa Ushirombo, mtu aliyewapikia wapima ardhi na wajenzi wa barabara tangu mimi nanyonya. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Siku yangu ya kwanza alinionyesha friji ya mafuta ya taa. Nyie hamkuikuta hiyo. Inawaka utambi chini ili iwe baridi juu, na ukibisha kwamba haiwezekani, utabisha peke yako, inawezekana. Sharti lake isimame sawasawa, haitaki kuinama hata kidogo. Unaweka bakuli la maji juu yake, unatazama kama maji yamelala sawa. Mimi nikaona mambo ya wazee hayo. Nikaisukuma kando nipate nafasi ya meza, nikaisahau imeinama, na nyama ya wiki nzima ikaharibika Jumatatu.

Nilingoja anifukuze. Mzee Bundala akaenda kuizika ile nyama, akarudi na mfuko wa dagaa wa Chato, akaniwekea miguuni. "Pika hawa mpaka Jumamosi," akasema. "Jumamosi utakuwa unaijua friji."

Nikapika dagaa. Nikajifunza kuwakaanga kwanza bila mafuta mpaka wakauke vizuri, ndipo niwaoshe kwa maji ya moto, mchanga na uchungu vitoke pamoja. Nikawaunga kwa karanga, nikawaunga kwa nyanya na ndimu, nikawaunga kwa kila kitu nilichokuwa nacho. Alhamisi mchorongaji mmoja kutoka nje akaja jikoni kuuliza hao samaki wadogo wanaitwaje. Mzee Bundala akamjibu kwamba wanaitwa friji.

Huyo ndiye aliyenifundisha kusoma mradi. Alisema mpishi ndiye wa kwanza kujua kambi inakoelekea, kabla ya walinzi na kabla ya serikali ya kijiji. Bosi akikuambia ununue gunia la maharage, mradi uko hai. Akikuambia, "Nunua kilo chache kwanza, tutaona," anza kuwaza. Akileta saruji, pumua. Akianza kushona hema lililochanika badala ya kuagiza jingine, tuma salamu nyumbani. Na baada ya kunifundisha yote hayo, akaniwekea kizuizi. Mambo hayo unayajua, lakini huyasemi, maana watu wanajenga na kuoa na kuuza ng'ombe kwa neno la mtu wa kambini.

Kambi yenyewe ilikuwa upande wa kaskazini wa Kahama, chini ya kilima ambacho sikitaji, wenyewe wapo. Bosi alikuwa Bwana Ambokile, mjiolojia, Mnyakyusa wa Tukuyu, mrefu, mpole, msomi wa kweli. Kisukuma chake kilikuwa neno moja, "mwangaluka," salamu ya asubuhi, naye aliitumia mpaka jua linazama. Watu wakamzoea, wakawa wanamwitikia hivyo hivyo jioni. Meza ya wakubwa ilikuwepo, lakini yeye alipenda kuleta sahani yake jikoni akae kwenye debe, tule ugali pamoja. Ndiyo maana ninayajua haya.

Na huko jikoni ndiko alikokuwa akija Mama Shija kila asubuhi.

Mama Shija alikuwa mjane, nyumba yake ya mwisho kabla ya kilima. Alituletea maziwa, mayai na mchicha. Mwaka mmoja pamba ilimkubali, akanunua mabati ya kuezekea nyumba yote, akayaleta kwa mkokoteni kutoka Kahama. Kabla hajampata fundi, wakaja wathamini na rangi nyekundu. Wakaandika namba ukutani kwake kama walivyoandika kwa majirani. Ukaitishwa mkutano, wanakijiji wakaambiwa mgodi unakuja, kila mtu atahamishwa kwenye makazi mapya kabla ya mvua za mwaka unaofuata, na kuanzia siku hiyo mtu asijenge wala asiongeze kitu, kwa sababu hakitahesabiwa.

Basi mabati yakaingia chini ya kitanda. Mvua zikaja, zikaondoka, hakuna aliyehamishwa. Zikaja tena. Nyasi za paa zilishaoza, na ukuta wa nyuma, wa tofali mbichi, ulianza kutoa tumbo. Upande huo huo ndiko alikolala mama mkwe wake, bibi mzee ambaye hakuweza tena kutoka kitandani bila kubebwa.

Mtu wa mbali angesema, si apige bati tu? Mama Shija alishanieleza, tena zaidi ya mara moja. Bati likishapigwa misumari lina matundu. Akihamishwa mwezi mmoja baadaye, atang'oa mabati mabovu aende kuvujiwa nayo kwenye nyumba mpya, na pamba haikubali kila mwaka. Asipopiga, ukuta utamlalia bibi. Kwa hiyo akishanipimia maziwa, anauliza.

"Baba Neema, nipige nisipige?"

"Mama Shija, mimi ni mpishi."

"Mpishi gani asiyeonja?" anasema, anacheka, anachukua kikombe chake anaondoka.

Nilipenda kucheka naye, lakini likabaki linanikereketa mpaka mchana. Nami nikamuuliza Bwana Ambokile siku moja, nikijifanya nauliza kwa ajili yangu. Shaba ipo au haipo?

"Ipo," akasema.

"Sasa?"

Akamega ugali, akaukanda vidoleni muda mrefu. "Ipo si sawa na inachimbika, Baba Neema. Ipo chini sana, tena imetawanyika. Reli iko mbali, umeme hakuna. Na kampuni hii haina pesa zake, ina pesa za watu walionunua hisa huko kwao. Bei ya shaba ikipanda wanatuma mashine. Ikishuka wanakunja mikono, wanasema tungoje."

"Na sasa hivi wanasemaje?"

Akatabasamu bila furaha. Akanieleza kwamba kila robo mwaka kampuni hutoa taarifa, na ya mwisho imesema mtazamo wa wawekezaji juu ya maendeleo ya mradi ni wa matumaini. Nikamuuliza maana yake nini.

"Maana yake hakuna aliyeamua," akasema, akaomba nimwongeze mboga.

Mwaka huo mashine ya kuchoronga ikapakiwa kwenye lori, tukaambiwa inakwenda Mwanza kufanyiwa matengenezo. Mzee Bundala akaitazama mpaka vumbi lilipotua. Wiki ile ile akafunga begi lake akarudi Ushirombo, akasema macho yanamsumbua. Macho yake yalikuwa yanaona vizuri kuliko yangu. Nikabaki mimi na kilo. Kilo mbili za maharage, kilo moja ya sukari. Mayai niliyokuwa nachukua trei nikawa nachukua ya kushika mkononi.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba Mama Shija naye alikuwa anatusoma. Mimi nilimsoma bosi kwa magunia, yeye alinisoma mimi kwa mayai. Siku niliyochukua machache kuliko siku zote hakuuliza swali lake. Alitazama yaliyobaki kwenye kikapu, akasema tu, "Haya," akaenda zake. Ila hakupiga bati. Mtu akiwa amengoja misimu miwili, kuacha kungoja ni kazi ngumu kuliko kungoja kwenyewe.

Kisha siku moja redio koli ikapiga kelele hemani kwa Bwana Ambokile, akatoka nje anafunga kifungo cha shati. Wageni wanakuja. Si wahasibu wa Dar es Salaam, ni wenye pesa wenyewe, wanataka kuona mradi umefikia wapi na kama waendelee kuweka pesa au watoe. "Nenda Kahama," akaniambia. "Nunua gunia."

Dukani kwa Mzee Kassamu, Mhindi tuliyekuwa tukichukua kwake vyakula vyote vya kambi, nikaagiza gunia la maharage, la mchele na la unga. Akashusha miwani. "Mmefufuka?"

"Wageni wanakuja," nikasema.

"Aa, wageni." Akawaita wapakiaji. Halafu akanivuta kando, maana alikuwa mtu mwema. "La maharage usilifungue mpaka lazima. Lisipofunguliwa, nitalipokea tena."

Nilikasirika njia nzima. Kumbe Mzee Kassamu alijua kitu ambacho mimi na Mzee Bundala hatukuwahi kukigusa. Gunia la kazi na gunia la wageni ni vitu viwili tofauti, na ukilitazama kwa nje huwezi kujua lipi ni lipi. Hilo liandikeni popote mnapoandika mambo yenu.

Gari liliposhusha magunia, Mama Shija alikuwa amesimama pale na kikapu chake. Akayatazama moja baada ya jingine. Akaniachia mayai yote, hata ambayo sikuagiza, akaondoka kwa haraka, na siku mbili zilizofuata maziwa yaliletwa na jirani yake.

Wageni walifika asubuhi, wawili. Mmoja mzee wa Kizungu, nyusi nyeupe, kofia ya majani, anatembea polepole. Wa pili kijana wake wa ofisini, kamera shingoni. Nikawapa chai na mkate niliouoka kwenye debe, na mkate ule ulikuwa mzuri, niacheni niseme hivyo, maana hakuna mwingine wa kuusifu. Bwana Ambokile akawaonyesha masanduku ya sampuli, ile miamba ya duara inayotoka kwenye bomba la mashine, imepangwa kwa mpangilio wa kina ilikotoka. Kisha wakaanza njia ya kwenda kilimani kutazama mahali palipochorongwa.

Nyie mnajua desturi yetu. Mkuu wa mkoa akija shuleni, walimu wanapanga mawe pembeni ya njia na kuyapaka chokaa, ili mgeni aone kwamba alingojewa. Njia ya kilimani ilikuwa imepangwa mawe pande zote mbili, kuanzia nyuma ya kambi mpaka juu, kazi ya usiku ule, sisi tumelala. Lakini hayakupakwa chokaa. Yalikuwa mawe ya kijani, rangi ya mawe yenye shaba. Yameoshwa, yanang'aa. Na mwisho wa njia walisimama akina mama wa kijiji na vitenge vyao vya Jumapili, Mama Shija mbele, wakapiga vigelegele.

Mimi nilikuwa nafuta mikono mlangoni pa jikoni. Nikamwona yule kijana anachuchumaa, anaokota jiwe moja, analigeuza, anaokota jingine. Akasimama na uso mwingine kabisa. Akamwambia mzee wake maneno machache, wote wawili wakageuka kumtazama Bwana Ambokile. Naye Bwana Ambokile alikuwa amesimama katikati ya ile njia.

Akaniita kwa mkono. Nilipomfikia aliongea Kiswahili cha chini chini. "Haya si mawe ya kilima hiki. Shaba ya hapa haionekani juu namna hii. Waulize akina mama wameyatoa wapi, na wajibu kweli tupu. Hawa watu wameshatapeliwa kwingine, wameuziwa sampuli zilizochanganywa na mawe ya kwingine. Wakidhani tumeyamwaga sisi, kila tulichochoronga hapa ni takataka."

Ikawa kazi yangu. Akina mama wale Kiswahili walikisikia, lakini jambo la maana walilisema kwa Kisukuma, lugha yetu ya nyumbani, na Bwana Ambokile nimeshawaambia Kisukuma chake. Kiingereza changu kilikuwa cha jikoni, lakini kilitosha. Akina mama wakashuka kutusogelea. Nikauliza.

Mama Shija akajibu kwa fahari. Mawe yalitoka kwenye korongo la mbali, ng'ambo ya mbuga, ambako mjomba wake alichunga zamani. Walikwenda akina mama wote na mabeseni, wakayabeba kichwani, wakayaosha kisimani. "Tulisikia hawa wanapenda ya kijani," akasema. "Sasa ya chokaa ya nini?"

Nikatafsiri. Mzungu mzee akauliza nani aliwatuma.

"Nani atutume?" Mama Shija akashangaa. "Mgeni si wetu?"

Yule kijana akauliza tena swali hilo hilo kwa namna nyingine, akatazama na masanduku ya sampuli kule nyuma. Mzee akamnyamazisha kwa kidole. Akataka kujua kwa nini watu wahangaike kwenda mbali hivyo kwa ajili ya wageni wasiowajua. Nilipomfikishia, fahari ikamtoka Mama Shija. Akafunga kitenge chake upya kiunoni.

"Mwambie nimechoka, Baba Neema. Mwambie mwaka jana walisema mwaka huu, na mwaka huu mashine imeondoka. Nikasema labda hawajaona mawe, ndiyo maana hawaamui. Basi mawe hayo, wayaone, waamue. Waje au wasije. Mimi nina mabati chini ya kitanda."

Nikalisema lote. Mzungu akadhani nimekosea. "Mabati?" akauliza. Nikamwambia mabati, ya kuezekea. Akauliza nyumba iko wapi.

Tukaenda, yeye, kijana wake, Bwana Ambokile na mimi, akina mama wakifuata. Mzee akainama mlangoni akaingia. Akamsalimia bibi kitandani, bibi akamwitikia. Akatazama juu, akaona mbingu kwenye nyasi. Akaweka kiganja kwenye ule ukuta wa nyuma, udongo ukamwagika kwenye kiatu chake. Aliinama akachungulia chini ya kitanda, nami nikaona aibu, sijui kwa nini, kana kwamba ni kitanda changu.

Nje akapewa kigoda. Mama Shija akamletea michembe, vile viazi vitamu vya kukausha tunavyovichemsha, na mtindi kwenye kibuyu. Nimewahudumia wageni wengi wa nje, na wengi huonja kwa heshima kisha wanauliza maji. Huyu alikula akamaliza. Ndipo Mama Shija akaketi chini mbele yake, miguu ameinyoosha, akaniambia nimuulize hivi, nisipunguze wala nisiongeze.

"Nyumba hii ingekuwa ya mama yake mzazi, angepiga bati au angengoja?"

Bwana Ambokile akainua kichwa. Swali hilo alikuwa ameliandikia barua makao makuu kwa lugha ya kisomi, zaidi ya mara moja, na majibu yake yalikuwa matumaini. Nikauliza. Yule kijana akaingilia haraka, akamwambia mzee kwamba si lazima ajibu, kuna taratibu. Mzee akakitazama kilima. Akautazama ukuta. Kuku wakarudi kudonoa makombo miguuni pake.

Kisha akajibu.

Ngojeni niwamalizie kwanza yaliyofuata, maana ni mafupi. Kambi ilifungwa kabla ya mvua. Bwana Ambokile aliipeleka habari ya mawe kama ilivyokuwa, wakamwamini, na akahangaika mpaka kijiji kikapewa ruhusa rasmi ya kujenga, kisha akahamishiwa kwenye dhahabu. Gunia la maharage nililirudisha kwa Mzee Kassamu likiwa na kamba zake. Mimi nikaishia Buseresere, nikikaanga chapati kwenye mgahawa wa madereva wa malori, mwaka mzima na zaidi, kabla sijapata kambi nyingine. Kilima kipo, mbuzi wanakipanda. Taarifa ya kampuni ya robo iliyofuata, nilisikia, ilisema mradi unaendelea kutathminiwa.

Lakini ninachotaka mkibebe ni ile dakika pale nje kwa Mama Shija.

Mzee yule alisema, "Ningepiga bati. Ningepiga kesho."

Alisema kwa Kiingereza, taratibu, akinitazama mimi. Bwana Ambokile akafunga macho. Mwenye pesa akikuambia upige bati kwenye nyumba iliyo njiani mwa mgodi, amekuambia hakuna mgodi. Si mwaka huu, si mwakani. Na pasipo mgodi hakuna kambi, na pasipo kambi hakuna jiko. Nilikuwa na mwanangu Neema kidato cha pili, shule ya bweni. Nilikuwa na wenzangu wa sampuli wanaoosha vyombo vyangu siku nikiumwa.

Akina mama wote walikuwa wananitazama mdomoni. Ndipo ikanijia kwamba pale hapakuwa na mtu wa kunishika. Mzungu hakujua Kisukuma. Bwana Ambokile hakujua Kisukuma. Ningesema, "Anasema subiri kidogo, mambo yako njiani," nani angenisahihisha? Wanakijiji wangengoja, kijiji kingebaki kimetulia, na makao makuu huwa yanapenda kijiji kilichotulia, huenda kambi ingesukuma miezi kadhaa mbele. Neno dogo tu. Sitawadanganya kwamba halikunipitia. Lilinipitia, likakaa, nikausikia uzito wake ulimini. Na mle ndani bibi akakohoa.

Nikasema, "Mama Shija, anasema piga. Anasema piga kesho."

Nilingoja vigelegele. Havikuja. Akina mama walipumua tu, mmoja akaanza kulia kwa sauti ndogo, sijui kwa mgodi ambao hautakuja au kwa mazao aliyoacha kupanda. Mama Shija hakumtazama mzungu. Alinitazama mimi, machozi yakaanza kumlenga.

"Na wewe, Baba Neema?" akasema. "Sasa wewe utapika wapi?"

Katika watu wote waliokuwepo pale, wasomi na wenye pesa, huyo ndiye peke yake aliyeuliza.

Mzungu akataka kujua amesema nini.

Nikamwambia, "Anashukuru."